Amesimama kikaoni na Mathayo 6:12: je, kikundi kimfutie deni?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Mshauri.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha usharika wetu, mkoani Morogoro. Tuko wanachama 24, na hisa zote ni 480. Mwenzetu mmoja alikopa 1,200,000, akarejesha 300,000, kisha akasimama. Mtaji uliobaki kwake ni 900,000, na riba pamoja na faini za kuchelewesha zimefika 180,000. Kikao kilichopita tulipomuuliza, alifungua Biblia akasoma Mathayo 6:12: “Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu.” Akasema kila siku tunasali hivyo, basi tutekeleze.

Mzee mmoja akamjibu kwamba deni la pale ni dhambi, si fedha, na ndiyo maana kanisani tunasali “makosa”. Mwingine akasoma Warumi 13:8, “Msiwiwe na mtu cho chote”, akasema kikundi chenyewe ni dhambi, tugawane fedha tuvunje. Wadhamini wake wawili nao wamekataa kulipa, wanadai deni likisamehewa na wao wamesamehewa. Mkutano uliishia hapo.

Nimepewa kazi ya kuandaa somo la Biblia kabla ya kikao kijacho. Nimesikia kwamba neno la Kigiriki lililotumika lina maana ya deni na pia wajibu. Naomba unieleze: ni fedha au ni dhambi? Paulo amekataza kukopa? Na nitalifuatiliaje neno hilo mwenyewe wakati Kigiriki sikijui? Mwisho, tumfanyeje huyu mwenzetu bila kumvunja moyo na bila kuua mfuko?

Katibu, Morogoro

JIBU

Amina, dada katibu.

Nianze na lile litakalokusaidia kikaoni: neno la Mathayo 6:12 kwa asili yake ni neno la fedha, na pale limebeba dhambi. Mzee na mkopaji wote wawili wameshika upande wa kweli. Lakini hakuna mahali ambapo neno hilo linampa mdaiwa haki ya kujisamehe. Daima lina watu wawili, anayedai na anayedaiwa, na anayeachilia ni yule anayedai. Ukilishika hilo, mengine yote utayapanga vizuri.

Kitenzi chenyewe ni ofeilo (ὀφείλω), kudaiwa. Kina ndugu watatu: ofeilema, lile linalodaiwa, ofeile, haki ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine, na ofeiletes, mdaiwa. Kwenye mafunjo ya Misri ya zama hizo, yaani karatasi za kale za matete, maneno haya yamejaa katika hati za mikopo, kodi na pango. Watu waliomsikia Yesu waliyajua madeni ya kuandikwa. Huko Wadi Murabba'at, karibu na Bahari ya Chumvi, ilipatikana hati ya Kiaramu ya mwaka wa pili wa Kaisari Nero, yaani 55/56 B.K. Mkopaji wa zuzi 20, sarafu za fedha, anaahidi kulipa na kuongeza sehemu ya tano, hata ukiwa mwaka wa maachilio, yaani mwaka wa saba wa kusamehe madeni.

Deni liligeukaje kuwa dhambi? Kwa Kiaramu, lugha aliyoisema Yesu, neno hoba ni deni na ni hatia pia. Mathayo ameliacha na sura yake ya deni. Luka, akiwaandikia watu wasioijua lugha hiyo, ameandika 11:4 hamartia, dhambi, katika nusu ya kwanza, lakini nusu ya pili amerudi kwenye ofeilo. Biblia yetu ya Union imelichukua vizuri: “Utusamehe dhambi zetu, kwa kuwa sisi nasi tunamsamehe kila tumwiaye.” Na “makosa” mnayosali kanisani hayakutoka hewani. Mistari miwili tu baada ya ombi hilo, Mathayo 6:14, Yesu mwenyewe anaieleza kwa neno paraptoma, kosa. Kwa hiyo msigombane juu ya sala. Vilevile Luka 13:4 wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu wanaitwa ofeiletai, na Union imesema “wakosaji”. Maana ya hatia ilikuwa imeshazoeleka.

Kuna jambo la Kiswahili ambalo lazima ulifundishe kwanza, la sivyo darasa litasoma mistari kichwa chini. Katika Union, anayewia ni mdai, na anayewiwa ni mdaiwa. “Nakuwia” maana yake nakudai. Vijana wengi leo hawalitumii neno hili, wanabahatisha. Mpe mtu asome Filemoni 18, Paulo akimwandikia Filemoni juu ya mtumwa wake Onesimo, “Na kama amekudhulumu, au unamwia kitu”, halafu muulize nani anamdai nani. Wengi watasema Filemoni anadaiwa na Onesimo. Ni kinyume chake: Filemoni ndiye mwenye kudai. Kadhalika Mathayo 18:28, yule mtumwa “aliyemwia dinari mia” ni mdai, na anaposema “Nilipe uwiwacho” anamaanisha lipa unachodaiwa. Tumia dakika tano hapo, utaokoa nusu saa ya ubishi.

Sasa Warumi 13:8. Msianze kusoma mstari wa 8; anzeni wa 7. Paulo anasema “Wapeni wote haki zao”, na neno lililofasiriwa “haki” ni lile lile ofeile: kilicho cha mwenzako, ambacho wewe unacho. Anataja kodi, ushuru, hofu, heshima. Ndipo anasema “Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana”, kwa kitenzi ofeilo. Yaani lipeni kila mnachodaiwa kinapofika wakati wake, msikae nacho. Deni pekee lisilokwisha ni upendo. Kitenzi kiko katika umbo la amri ya jambo linaloendelea, “msiwe watu wa kudaiwadaiwa”, ingawa nisingeegemeza hoja nzima kwenye umbo la kitenzi. Mstari wa 7 unatosha. Angekuwa anakataza mkopo wenyewe, angepingana na Yesu katika Mathayo 5:42, anayeagiza tusimpe kisogo atakaye kukopa kwetu. Zaburi 37:21 nayo inamlaumu anayekopa asilipe. Kwa hiyo mstari huo hauvunji kikundi chenu. Unamgusa moja kwa moja mwenzetu aliyesimamisha marejesho, na unawagusa wadhamini wake.

Kulifuatilia neno mwenyewe, fanya hivi. Tafuta kwenye simu Biblia ya mistari sambamba yenye Kigiriki na nambari za Strong, ambazo kila neno la Kigiriki lina yake. Zipo za bure. Nambari zako ni 3781 ofeiletes, 3782 ofeile, 3783 ofeilema na 3784 ofeilo. Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: mstari, neno la Kigiriki kama lilivyoandikwa pale, na neno la Union. Anza na 3783, maana iko mara mbili tu, Mathayo 6:12 na Warumi 4:4. Kisha 3781, mara saba: Mathayo 6:12 na 18:24, Luka 13:4, Warumi 1:14, 8:12 na 15:27, na Wagalatia 5:3. Kitenzi 3784 kiko zaidi ya mara 30, chagua kumi.

Safu ya tatu ndiyo itakayokufungua macho. Utakuta “deni” Warumi 4:4, “nawiwa” Warumi 1:14, “wajibu” Wagalatia 5:3, “imewapasa” Yohana 13:14 pale pa kutawadhana miguu, “amejifunga” Mathayo 23:16 pa viapo, hata “amestahili kufa” Yohana 19:7. Luka 17:10, “tumefanya tu yaliyotupasa kufanya”, ni kitenzi hicho hicho. Ndiyo maana ulisikia kwamba ni deni na pia wajibu. Anayesema “imetupasa kuutoa uhai wetu kwa ajili ya hao ndugu”, 1 Yohana 3:16, anatumia kitenzi cha mtu mwenye mkopo: ndugu yangu ana kitu chake kwangu.

Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo uwe macho. Usilundike maana zote katika kila mstari. Warumi 4:4 inazungumza ujira wa kazi, haihusu dhambi hata kidogo. Yohana 13:14 haina fedha ndani yake. Maana inatokana na sentensi lilimokaa neno. Kosa la pili ni kudhani kila “imepasa” ya Kiswahili ni ofeilo. Kigiriki kina neno jingine, dei, nambari 1163, linalosema jambo halina budi kuwa. Luka 24:26, “Je! haikumpasa Kristo kupata mateso haya”, ni dei. Waebrania 2:17, “ilimpasa kufananishwa na ndugu zake”, ni ofeilo. Kiswahili kimeyavalisha nguo moja, kwa hiyo angalia nambari kabla ya kusema. La tatu ni tahajia: kuna ofeleo (ὠφελέω), nambari 5623, kufaidi, linaloanza na herufi omega na halina ile “ei”; si ndugu wa neno letu. Na kama nambari 3782 haikukuletea 1 Wakorintho 7:3, usishangae. Union inasema “Mume na ampe mkewe haki yake” kwa sababu nakala za kale zina ofeile. Nambari za Strong zilipangwa kwa tafsiri ya King James, ambayo Kigiriki chake pale kina maneno mengine, na mstari huo utaukuta chini ya 3784.

Tuje kwenye fedha.

Kusamehe katika Mathayo 6:12 ni afiemi, nambari 863, kuachilia kitu kiende. Ni kitenzi kile kile cha Kumbukumbu la Torati 15:2 katika Agano la Kale la Kigiriki, sheria ya mwaka wa saba: mdai aachilie deni “lake mwenyewe” ambalo jirani anadaiwa. Shika maneno hayo mawili, “lake mwenyewe”. Zile 900,000 si zako wewe katibu, si za mwenyekiti, wala si za mkopaji. Ni za watu 24 kwa hisa zao. Zikifutwa zote, kila hisa inapoteza 1,875 siku ya mgao. Mama mwenye hisa 10 anapoteza 18,750. Mwenye 30 anapoteza 56,250. Huo ndio msamaha kwa shilingi zake, na kila mwenye hisa ana haki ya kuulizwa. Wakili wa Luka 16 aliyeandikisha mafuta 100 kuwa 50 na ngano 100 kuwa 80 alikuwa akipunguza mali ya bwana wake. Msikubali jambo la namna hiyo lipitie pembeni, kwako au kwa mweka hazina.

Kwa hiyo kabla ya kikao, wewe na mwenyekiti mtembeleeni mwenzetu nyumbani, mkamsikilize. Kuna asiyeweza na kuna asiyetaka, na hawatendewi sawa. Mwulizeni mapato ya mwezi, madeni mengine, ugonjwa, ada za watoto. Mpeni nafasi ya kuahidi kiasi yeye mwenyewe. Katika Mathayo 18 wadaiwa wote wawili, wa mstari wa 26 na wa 29, walianza kwa kuomba wavumiliwe na kuahidi kulipa. Mwenzetu hakuomba, alisoma mstari. Mwonyesheni tofauti hiyo kwa upole, faraghani. Na msimwaibishe kanisani. Deni hili ni la kikundi.

Kama anaweza lakini kwa shida, pendekezo langu ni kikao kimfutie zile 180,000 za riba na faini, na zile 900,000 zigawanywe upya kwa miezi 9, rejesho 100,000, au miezi 12 kwa 75,000. Angalieni kwanza katiba yenu inaruhusu nani kufuta faini. Vikundi vingi vinataka kura ya mkutano mkuu. Msiongeze riba mpya juu ya mpango huo, maana ndiyo inayowafanya watu wakimbie vikao.

Kama kweli hawezi, fanyeni kama sheria ya mwaka wa saba inavyosema, kila mtu na cha kwake. Pitisheni karatasi, kila mwanachama aandike kwa siri kiasi anachoachilia kutoka kwenye hisa zake, hata kama ni sifuri. Jumlisheni, mpunguze kwenye 900,000, kilichobaki kiwe na ratiba. Asiyeachilia asisemwe. Msichukue fedha ya mfuko wa jamii kuziba pengo hilo kimyakimya; mfuko huo una wagonjwa na wafiwa wake.

Wadhamini wasomewe Filemoni 18 na 19. Paulo hamwambii Filemoni “samehe tu, wewe ni Mkristo”. Anasema “ukiandike hicho juu yangu”, akitumia neno la vitabu vya hesabu, halafu anaongeza kwamba ameandika kwa mkono wake mwenyewe, “mimi nitalipa”. Huyo ndiye mdhamini. Sahihi yao iko kwenye fomu ya mkopo, kwa hiyo mkopaji akishindwa rejesho, wao wanalijaza kadiri katiba inavyosema, na baadaye wana haki ya kumdai yeye. Deni likipunguzwa kwa karatasi zile, na sehemu yao inapungua kwa kiasi hicho hicho. Likifutwa lote, nao wako huru. Hawawezi kujitoa kabla wenye hisa hawajasema.

Chochote mtakachoamua kiandikwe. Hati nyingi za mikopo kutoka Misri, zilizolipwa au kufutwa, zimekatwa kwa mistari ya umbo la X juu ya maandishi yote, ili asije mtu akazidai tena. Wakolosai 2:14 inazungumza hati ya deni iliyofutwa na kuondolewa, na wasomaji wa kwanza walielewa mara moja. Kwenu fanyeni hivi: mstari mwekundu juu ya ukurasa wa zamani wa mkopo, neno “imesamehewa” au “imepangwa upya”, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, sahihi ya mwenyekiti, yako, ya mweka hazina na ya mkopaji. Fungueni ukurasa mpya kwa salio jipya. Msamaha wa mdomo huzaa ugomvi siku ya mgao, kwa sababu mweka hazina anasoma kitabu, hakumbuki machozi ya kikao.

Kuhusu somo lenyewe, saa moja inatosha. Dakika tano za “wia” na “wiwa”; kumi za Mathayo 6:12 pamoja na Luka 11:4; kumi za Warumi 13:7-8; kumi na tano za daftari lako la safu tatu; na zilizobaki Mathayo 18:23-35. Pale andika hesabu ubaoni. Talanta moja ni dinari 6,000, kwa hiyo talanta 10,000 ni dinari milioni 60. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, Mathayo 20:2. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka bila kula chochote, atamaliza baada ya miaka 200,000. Deni la pili, dinari 100, ni ndogo mara 600,000. Lakini usiliite dogo kabisa, na hapa waalimu wengi wanateleza. Siku 100 za kazi ni karibu miezi minne ya jasho la mtu kwa siku sita za wiki. Yesu hakumdharau mdai wa dinari 100 kana kwamba hakuibeba hasara yoyote. Wanachama wako wanaodai 1,875 kwa kila hisa wasikie kwamba Maandiko yanaijua hasara yao, ndipo waombwe kuachilia.

Na mstari wa 6:12 wenyewe, waonyeshe nusu yake ya pili. Nakala za kale zaidi zina kitenzi cha jambo lililokwisha kufanyika: “kama sisi nasi tulivyowasamehe wadeni wetu.” Nakala za baadaye zina “tunavyowasamehe”, na Union yetu inasomeka kwa namna hiyo. Kwa vyovyote vile, anayeomba ni mtu ambaye naye ana wadeni. Mwulizeni mwenzetu, kwa heshima, kama kuna mtu ambaye yeye anamdai hapo kijiweni au sokoni, na amefanya nini na deni hilo. Akijibu, mtajua kama mpango wa miezi 9 unamfaa au ule wa 12.

Mshauri